Ulaya kwa Muda

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Ukijikuta umeifikia, ujue umepotea njia, uliza watu wakurudishe kwenu. Na akitokea mtu akasema, "Ala! Mbona hapa ni kwetu kabisa," huyo ana mambo yake mwenyewe, mimi simo.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna mji unaitwa Nusunusu. Barabara yake kuu ndiyo mpaka. Maduka ya mkono wa kushoto yako nchini, maduka ya mkono wa kulia yako nchi ya pili. Kanisa liko huku, nusu ya kwaya inatoka kule. Watu wa pande zote mbili wanasema lugha moja, wanaoana, wanazikana, na wakigombana wanatukanana matusi yale yale. Miaka nenda miaka rudi hakuna aliyeona ajabu, mpaka Serikali ilipotangaza Mwaka wa Kuifungulia Dunia Milango.

Siku ya kwanza ya mwaka huo walikuja askari wakaufunga mpaka.

Msishangae. Msemaji wa Serikali alieleza vizuri kabisa redioni: mlango ambao haukufungwa utaufunguaje? Kwanza ufungwe, wananchi wauone kuwa kweli ni mlango, halafu ndipo ufunguliwe kwa sherehe. Basi wakatandaza seng'enge katikati ya barabara, wakaweka na boriti moja ya kupandisha na kushusha, imepakwa nyekundu na nyeupe, inapendeza. Sherehe ya kufungua ikawa inasubiri bajeti.

Asubuhi hiyo hiyo mama mmoja muuza vitumbua alikuwa amevuka barabara kwenda kusaga mchele, maana mashine ya huku ilikuwa mbovu. Alivuka na ndala zake, kanga zake na ndoo ya mchele uliorowekwa. Kurudi, akakuta boriti.

"Mwanangu," akamwambia askari, "nyumba yangu ile pale, ile yenye mlango wa buluu. Nimeacha jiko lina moto."

Askari akamwomba pasipoti. Mama wa watu akacheka, akidhani anataniwa. Ikabidi alale kwa mwenye mashine, na kesho yake tena, na mwezi uliofuata tena, na mwaka ukaisha yuko huko huko, anakaanga vitumbua upande wa pili, moshi wake unaonekana nyumbani kwake.

Mama huyo alikuwa na binti mmoja, jina lake Sikudhani, mwanafunzi wa kidato cha nne, na hadithi hii ni ya huyo binti. Alibaki katika ile nyumba ya mlango wa buluu pamoja na shangazi yake, Bi Mwanahiba, mwanamke mwenye mdomo ambao haukuwahi kupumzika hata siku ya mfungo. Kila jioni Sikudhani alikuwa akitoka kibarazani, na mama yake akitoka upande wake, wakapigiana kelele.

"Mama, shikamooo!"

"Marahabaaa! Umefua sare?"

Hiyo ndiyo ilikuwa simu yao. Lakini kuna mtu makini akaipeleka habari makao makuu, na makao makuu wakaketi wakatafakari, wakagundua kuwa haya ni mazungumzo ya kimataifa yanayofanywa kwa njia ya koo bila leseni. Likatoka katazo. Mama na mtoto wakahamia kwenye ishara za mikono. Ishara nazo zikawekwa chini ya Mamlaka ya Mawimbi. Mwisho wakawa wanaangaliana tu, na kuangaliana, kwa neema ya Serikali, kulikuwa bado ni bure.

*

Sasa tuje shuleni.

Wizara ya Dunia na Mambo Yanayofanana Nayo ilikuwa imeleta somo jipya, Mtazamo wa Dunia, la lazima kwa kila mwanafunzi. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Daktari Ludoviko Matanuzi, alilizindua kwa hotuba ambayo wananchi waliisikiliza wamesimama, kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni.

"Mwanafunzi wa leo," alinguruma, "lazima awe na upeo! Upeo usioishia hapa! Wala usioishia pale! Upeo unaoendelea, na kuendelea, mpaka uishe!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Shule ya Sekondari Nusunusu ikamtoa Mwalimu Tegemeo afundishe somo hilo. Yeye ndiye aliyekuwa na sifa. Alikuwa amewahi kwenda nje, au tuseme alikaribia: ndege yake iliharibika safarini, akashinda uwanja wa ndege wa nchi moja ya baridi, hakuruhusiwa kutoka mlangoni. Ila aliiona theluji kupitia kioo, na tangu siku hiyo hakuvua skafu, jua liwake vipi.

"Andikeni," alisema siku ya kwanza, kijasho kinamtiririka shingoni. "Dunia ni mahali popote palipo mbali, penye baridi, pasipofikika kwa miguu."

Wanafunzi wakaandika. Sikudhani akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na pale ng'ambo ya barabara?"

Darasa zima likageuka dirishani. Ng'ambo ya barabara pale pale, mama yake alikuwa anapuliza moto.

"Pale hapamo," alisema Mwalimu Tegemeo. "Panafikika kwa miguu."

"Lakini hapafikiki, Mwalimu. Kuna boriti."

Mwalimu akaivuta skafu yake, akafikiri, na alipofikiri akakasirika. "Kaa chini! Pale ni mbali kwa sheria, lakini ni karibu kwa baridi. Kwa hiyo si dunia. Ni jirani tu."

Mtihani wa kwanza Sikudhani alipata sifuri. Waliulizwa wataje lugha moja ya kigeni na waiandike kidogo, yeye akaandika salamu za upande wa pili, ambazo ndizo salamu za Nusunusu, ambazo ndizo salamu za Mwalimu Tegemeo mwenyewe. Mwalimu akazungushia wino mwekundu akaandika pembeni: *Mtazamo umechafuka.*

Mazoezi kwa vitendo yalikuwa kila Jumatano. Wanafunzi walivaa makoti yaliyoshonwa kwa mablanketi. Barafu ililetwa kutoka kwa wauza samaki, ikapangwa nyuma ya darasa ili watoto waizoee baridi ya huko, na kwa kweli waliizoea, ila wakawa wanaamini kuwa Ulaya inanuka kibua. Theluji ilikuwa ni usufi wa mito ya kulalia, ukipulizwa kutoka dirishani na walinzi wawili, na darasa zima likipiga chafya kwa adabu na kuombana samahani. Walifundishwa kula ugali kwa kisu na uma. Walifundishwa kupishana mlangoni, "tangulia wewe," "hapana, tangulia wewe," mpaka kengele ikalia hakuna aliyetoka.

Sikudhani aliyaona haya yote kuwa ni vioja, na akasema hivyo, na akapewa adhabu ya kufagia theluji.

*

Mambo yaligeuka siku ilipotangazwa kanuni ya mtihani wa mwisho. Mtihani ungekuwa na maswali ya ana kwa ana mbele ya Mkaguzi, halafu vitendo: Kuvuka Mpaka. Wanafunzi wote wangevuka mstari wa chaki uwanjani. Mmoja tu, wa kwanza, angevuka mpaka wa kweli.

Ilitokeaje? Wizara ilikusudia huyo wa kwanza apelekwe Ulaya. Lakini fungu la safari lilikuwa limemalizwa na ujumbe wa Waziri, uliokwenda Ulaya kuhakikisha kama ipo. Uliporudi na majibu kuwa ipo, hapakubaki nauli ya mwanafunzi. Waziri, mtu asiyeshindwa na jambo, akatoa amri: kwa muda wa nusu saa, upande wa pili wa barabara ya Nusunusu utahesabiwa kuwa ni Ulaya. Kibao kikaandikwa mapema: ULAYA (KWA MUDA). Redio ya Taifa ingetangaza moja kwa moja.

Sikudhani alisimama mbele ya lile tangazo ubaoni, akalisoma mara mbili. Boriti itapanda. Kwa amri ya Waziri, mchana kweupe, mtu mmoja atapita chini yake bila pasipoti. Akasema moyoni, mtu huyo ni mimi, na asiyetaka na anune.

Tangu siku hiyo hamngemjua tena. Alivaa koti lake hata Alhamisi. Alilamba barafu ya kibua bila kukunja uso. Mwalimu Tegemeo akisema huko nje watu hawasalimiani, Sikudhani alikuwa wa kwanza kumpita bila kumwamkia, na mwalimu akafurahi mno, akamwandikia alama. Barabarani alitembea ametazama juu, kama wafanyavyo watu wenye upeo, akajikwaa mara nyingi.

Jambo moja lilimshinda. Jioni, mama yake akitoka nje kumwangalia, Sikudhani ilimpasa asiangalie. Mwalimu Tegemeo alikuwa na macho kila mahali, na mwanafunzi mwenye kuangalia jirani alikatwa alama. Basi akawa anakaa chumbani, dirisha limefungwa, anajiumauma midomo, na ng'ambo ya barabara mama yake amesimama mpaka giza linaingia. Kweli, lilimuuma sana.

*

Mkaguzi alikuja na miwani mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kuangalia mbali. Aliketi chumba cha wageni wa shule, chenye dirisha la barabarani. Sikudhani akaingia, hakuamkia, na Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Taja majirani wa nchi yetu."

"Hatuna majirani. Tuna washirika wa maendeleo."

"Vizuri! Mwanafunzi mwenye mtazamo wa dunia hula nini?"

"Hula kidogo, na hubakisha."

"Vizuri sana. Sasa la mwisho." Mkaguzi alivaa miwani ya mbali, akaelekeza kidole dirishani, kwenye moshi wa vitumbua na mwanamke aliyeinama juu yake. "Ukimwona mtu ana shida upande wa pili wa barabara, utafanya nini?"

Mwanamke yule aliinuka akajishika kiuno. Sikudhani alilijua jibu, lilikuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha somo, watoto wa darasa la tano waliliimba.

"Nita..." akaondoa macho dirishani. "Nitaangalia mbali zaidi."

Mkaguzi akasimama akampa mkono. Katika nchi nzima, alisema, hajapata kuona mtoto mwenye upeo mpana namna hii.

Habari ikafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Shangazi Mwanahiba alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Hebu njoo hapa, wewe Mzungu wa Jumatano! Nimeambiwa umeulizwa kuhusu mama yako, ukasema utaangalia mbali zaidi?"

"Shangazi..."

"Usinishangazi! Kakubeba mgongoni yule, anauza vitumbua mvua inamnyeshea, leo unamkana kwa sababu ya alama? Alama zinaliwa? Zinasagwa?"

"Shangazi, nisikilize basi. Wa kwanza anavushwa."

"Anavushwa wapi?"

"Pale."

Bi Mwanahiba akageuka akaitazama boriti. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa la kusema, na hali hiyo ilimtisha mwenyewe, akakaa chini kizingitini.

"Na kurudi?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo. "Maana ukibaki huko, shule ndiyo basi. Nyumba ndiyo basi. Mimi nitabaki na nani?"

Swali la Mkaguzi lilikuwa rahisi kuliko hili.

*

Siku ikafika. Waziri Matanuzi alikuja na msafara wa magari ambao gari la mwisho lilikuwa bado linatoka mji mwingine wakati la kwanza linaegesha. Usufi ulimwagwa barabara nzima. Kibao cha ULAYA (KWA MUDA) kikasimikwa ng'ambo, na wauza nyanya wa kule, ambao walikuwa hawajaambiwa lolote, wakajikuta Wazungu, wakaendelea kupanga nyanya.

Kwenye boriti alisimama Koplo Mashauri, askari mnene mwenye huruma, ambaye tangu mpaka ufungwe alikuwa hajaonja kitumbua na alikuwa amepungua kidogo kwa hilo.

"Afande," Sikudhani alimnong'oneza, akiwa ndani ya koti, skafu na glovu, "ukiipandisha, ipandishe sawasawa."

"Mwanangu, mimi nimeambiwa nipandishe, nishushe. Katikati hapo sijaambiwa kitu," alisema Koplo, akiangalia pembeni.

Waziri alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Leo mtoto wa mkulima anakwenda Ulaya! Kwa miguu! Ni nchi gani nyingine imeweza?" Kisha akamkabidhi Sikudhani sanduku lake mwenyewe, la ngozi, tupu, kwa ajili ya picha. "Utavuka, utakaa dakika chache, utajifunza, utarudi na sanduku, utatoa taarifa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Boriti ikapanda. Mtangazaji wa redio akashusha sauti kama yuko kaburini: "Anakwenda... anakanyaga theluji... ndugu msikilizaji, anakwenda..." Sikudhani alipita chini ya boriti. Alipofika katikati aliliweka sanduku barabarani, taratibu, mali ya watu.

"Sanduku langu!" Waziri alisema, na taifa zima likasikia.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya karai la mafuta. Aliona jitu limejiviringisha blanketi linamjia mbio kwenye jua kali, akarudi nyuma, akaokota kijiti.

"Mama, ni mimi!"

Kijiti kikadondoka. Sikudhani alitupa skafu, akatupa glovu, akamkumbatia, na hapo ndipo alipopata mshtuko. Kutoka kibarazani kwao, barabara nzima katikati, alikuwa anaziona kanga tu. Kumbe ndani ya kanga mlikuwa mmebaki mtu kidogo sana. Mifupa ya mabega ilimchoma kifuani. Alilia kwa sauti, hakujali nani anaangalia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuangalia mbali.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambiaje, na kuongea wamekataza? Nyamaza. Nyamaza, watu wanatuona."

"Mwanafunzi!" Kipaza sauti kilikoroma ng'ambo. "Muda wa Ulaya unakwisha! Rudi utoe taarifa!"

Sikudhani hakujongea.

"Rudi! Tuko hewani!"

Mama yake akamsukuma kifuani. "Nenda, mwanangu. Utaharibu masomo yako."

"Siendi, Mama."

Waziri akamtazama Mkaguzi, Mkaguzi akavaa miwani ya mbali, Mwalimu Tegemeo akajificha ndani ya skafu. Redio haiwezi kukaa kimya. Taifa zima lilikuwa limetega sikio. Waziri akajikaza, akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa karibu na wapiga picha.

"Vema! Mwanafunzi wetu amezama katika masomo! Basi atoe taarifa kutoka huko huko! Mwanafunzi, waeleze wananchi: umejifunza nini duniani?"

Hata wauza nyanya waliacha kupanga. Sikudhani akafuta machozi kwa mkono wa koti, akavuta pumzi, akapiga kelele kama zamani zile, kabla ya leseni.

"Nimejifunza kwamba mama yangu amekondaaa!"

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi Mwanahiba, aliyekuwa mstari wa mbele, akajifunika uso kwa ushungi. Koplo Mashauri akajikuta anaangalia viatu vyake.

Waziri peke yake ndiye aliyekuwa na maneno. "Mmesikia wenyewe, ndugu wananchi!" alinguruma. "Huko nje watu wanakonda! Nani sasa atasema Serikali ilikosea kufunga? Shusha boriti!"

"Na mtoto, Mheshimiwa?" Koplo aliuliza.

"Mtoto gani?"

"Yule pale, Mheshimiwa. Namwona."

"Yule yuko Ulaya," alisema Waziri. "Huwezi kumwona. Shusha."

Boriti ikashuka. Wanafunzi wenzake Sikudhani, waliokuwa wamepanga foleni na makoti yao, wakaanza kulalamika kwamba na wao wana ndugu zao huko wa kujifunza kwao. Waziri akawatangazia kuwa wao watavuka kwa nadharia. Kibao kikang'olewa. Usufi ukakusanywa kwenye magunia, urudi kwenye mito ya watu wa Wizara.

Usiku Redio ya Taifa ilitangaza, mwanzo wa taarifa ya habari, kwamba mwanafunzi wa kwanza wa taifa hilo mwenye mtazamo wa dunia amewasili salama ughaibuni, anaendelea vizuri na masomo, na kwamba familia yake imeshajulishwa kwa njia zinazostahili. Familia yake wakati huo ilikuwa imemshika mkono, haitaki kumwachia.